Betri Iliyopenda Mawingu

"Kogo, taa ni ngapi?"

Chelangat aliuliza swali hilo kila siku saa kumi na mbili jioni, amesimama nje ya mlango wa chumba cha wakwe zake, unga wa ugali umemkaukia vidoleni. Ndani hakuingia. Miaka kumi na sita tangu aolewe katika boma hili, mtaani Bahati, hakuwahi kukivuka kizingiti kile. Mke wa kijana haingii chumba anacholala baba mkwe. Jambo hilo halikuandikwa popote na halikuhitaji kuandikwa. Kwa hiyo aliuliza kwa sauti, kama mtu anayeuliza bei ya viazi kutoka ng'ambo ya barabara.

"Tatu," alijibu mama mkwe, ambaye boma zima lilimwita Kogo, yaani bibi. "Hapana, ngoja kidogo. Ya tatu inapepesa. Andika mbili na nusu."

Mbili na nusu! Na jua lilikuwa limewaka kutwa nzima, mpaka mbwa akachimba shimo chini ya tangi la maji akalala humo.

Chelangat alikwenda jikoni, akaandika kwenye kalenda ya ukutani: Jumanne, jua kali, 2½. Kisha akarudi nyuma kwa kidole. Jumatatu, mawingu, taa tano. Jumapili, mawingu, tano na kitu. Jumamosi, jua, mbili. Ijumaa, jua, tatu. Aliisoma orodha hiyo mara mbili, akaona kichwa kinamzunguka. Tangu lini betri ya sola ikashiba siku ya mawingu, ikalala njaa siku ya jua?

Swali hilo halikuwa la kujifurahisha. Taa sita za kijani maana yake betri imejaa. Kwa taa tano, mashine ya hewa ya baba mkwe, Mzee Kipyegon, ilinguruma kando ya kitanda tangu jioni mpaka kukapambazuka. Kwa taa mbili na nusu ilizimika saa nane za usiku, na hapo mama mkwe alilazimika kupapasa gizani autafute mtungi mdogo wa akiba, ambao hewa yake haikuzidi muda wa saa tatu. Mzee alikuwa ameendesha kinu cha kusaga mahindi kwa miaka thelathini na moja. Vumbi la unga na moshi wa dizeli vilikuwa vimemlia mapafu, na daktari alisema wazi: usiku asilale bila mashine. Stima nayo ilikuwa haijulikani itarudi lini tangu transfoma ya upande wao ilipoungua, wiki saba zilizopita. Kilichobaki ni sola na ile betri.

Bethwel, mume wa Chelangat, anayetunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi huko Gilgil na kurudi nyumbani wikendi, alikuwa ameshatoa uamuzi kwenye simu. Betri isipotengenezwa kufikia Jumamosi, Mzee atahamishwa mjini, mtaa wa Section 58, kwa dada yake Chelimo, ambako stima haichezi.

Kwa mtu wa mbali, hilo ni jambo dogo. Lakini nyumba ya Chelimo ni nyumba ya mume wa Chelimo. Mzee mzima alale chini ya paa la mkwe wake, ale sahani ya mkwe, akutane na mkwe kwenye korido akiwa na taulo begani? Mzee Kipyegon alipoambiwa habari hiyo alitamka sentensi moja tu.

"Afadhali mnichimbie hapo nyuma ya zizi."

Chelangat alimwamini. Na alimpenda mzee yule, kwa namna mtu anavyoweza kumpenda mtu ambaye hajawahi kumshika mkono.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Ooko, fundi aliyewafungia ile sola, alifika na kisanduku chake cha vyuma. Alikuwa kijana mpole, mwenye kofia aliyoivua kila alipoongea na mkubwa. Mzee alikuwa nje akiota jua. Mama mkwe akamwingiza fundi chumbani, kwa maana betri na inveta, kile chombo cha kuubadili umeme wa sola utumike nyumbani, vilifungwa humo. Ooko mwenyewe alikuwa amependekeza sebuleni, lakini wezi walikuwa wamebeba betri mbili katika mtaa huo, na Mzee akasema mtu hulala karibu na mashine yake. Mambo yakaishia hapo.

Baada ya nusu saa Ooko alitoka, akifuta mikono, akamwita Chelangat kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Kigen, betri iko sawa. Paneli ziko sawa. Waya ziko sawa. Hata saa hii inacharge vizuri."

"Basi mbona jioni ni taa mbili?"

"Kuna mtu anaguza hiyo swichi ya ukutani?"

"Nani aguze? Mimi siingii huko. Watoto wako shule." Chelangat alijibu upesi, kwa niaba ya nyumba nzima, na mama mkwe alikuwa ameshakwenda kuwapa kuku maji. "Ooko, nikuambie kitu. Hii betri ikiona jua inakufa. Ikiona mawingu inajaa."

Ooko alicheka. Hakukusudia ubaya, kicheko kilimtoka tu.

"Mathe, hiyo haiwezekani. Sola ni ya jua."

"Nimeandika! Nikuletee kalenda?"

"Pengine ulichanganya siku."

Sasa, jirani yao Wachuka alikuwa langoni, amekuja kuchukua maziwa, na mkono wa chupa ulikuwa umesimama hewani. Chelangat alimwona Wachuka, akayaona na meno ya Ooko, akahisi uso unamchoma. Mtu aliyesoma hadi kidato cha nne anaambiwa hajui Jumatatu na Jumanne!

"Mmetuuzia takataka," alisema, na sauti ikapanda yenyewe. "Ulijua wenye nyumba ni wazee, ukaleta betri imetumika. Wewe ni mkora, Ooko. Mzee akikata pumzi, itakuwa juu yako."

Ooko aliivaa kofia, kisha akaivua tena, kama aliyesahau ni ipi heshima na ipi kuaga. "Mama Kigen, mimi siwezi kukuibia. Hii kazi ndiyo kula yangu."

Wachuka alikuwa amekubaliana na Ooko amfungie sola wiki ijayo. Chelangat alimsikia akimwambia kwa upole, pale pale langoni, kwamba angetaka kwanza kushauriana na mumewe. Wachuka ni mjane. Ooko alijua, Chelangat alijua.

Siku hiyo jua liliwaka. Jioni taa zilikuwa mbili.

*

Penye wengi pana mengi. Bethwel alisema kwenye simu kwamba betri ni feki. Chelimo alisema jua la siku hizi limezidi, linaichosha. Wachuka, akirudisha chupa, alinong'ona kwamba kuna watu wenye macho mabaya ambao hawafurahii kuona nyumba ya mtu ikiwaka. Chelangat alisikiliza wote na kila mmoja akamwongezea ukungu kichwani. Alipolala aliota taa za kijani zikihesabika kuanzia sita kurudi sifuri.

Ijumaa saa tano alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa chumba cha wakwe, akipukuchua mahindi ya kupanda. Anga ilikuwa safi. Kupitia ukuta alisikia feni ya inveta ikilia, sauti ya kupanda kidogo kidogo. Ilikuwa ikilia hivyo kila siku ya jua. Alikuwa ameizoea.

Ghafla ikanyamaza.

Chelangat aliinua uso. Hakuna wingu. Alisimama, gunzi mkononi, akazunguka mpaka kwenye dirisha. Pazia lilikuwa wazi. Hakutaka kuangalia, maana chumba ni chumba hata ukikitazama ukiwa nje, lakini macho hayana adabu. Mzee Kipyegon alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono wa kulia bado uko juu ya swichi, na kwa mkono wa kushoto alikuwa akipapasa kifuniko cha inveta taratibu, kama anayempapasa ng'ombe aliyetoka kukamuliwa.

Chelangat alirudi nyuma akakanyaga beseni la mahindi.

Alimkuta mama mkwe jikoni akichambua mboga za managu.

"Kogo. Baba anafanya nini na ile swichi?"

"Ya ukutani? Anaipumzisha." Mama mkwe hakuinua hata uso. "Kelele ikianza, saa tano, anaizima. Jua likipoa, saa kumi, anaiwasha. Si unajua injini ikipata joto inakufa? Kile kinu chake kilikuwa kinapumzika kila siku, hata laini ya watu ifike barabarani. Walimtukana, hakujali. Miaka thelathini na moja, injini moja!"

"Na siku ya mawingu?"

"Siku ya mawingu haipigi kelele. Anaiacha ifanye kazi."

Chelangat alikaa kwenye gogo la kuni. Wiki saba. Kalenda nzima. Ooko na kofia yake.

"Kogo, mbona hukuniambia?"

Sasa mama mkwe aliinua uso, na alikuwa ameudhika kweli.

"Wewe unaniuliza taa, nakuambia taa. Kuna siku umeniuliza kitu ingine?"

Hakukuwa na siku hiyo. Kuuliza si ujinga, husema watu, ila hawasemi umuulize nani. Chelangat aliona aibu ya kwanza, ya Ooko, halafu ikaja ya pili iliyo kubwa zaidi. Nani angemwendea Mzee Kipyegon, ambaye hakuwahi kuunguza injini maishani mwake, amwambie kwamba kila mchana, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akijikatia pumzi ya usiku? Si mkewe, ambaye alimwona shujaa. Si mke wa mwanawe, ambaye hata jina la mkwe wake halitamki. Na asipoambiwa, kesho Jumamosi anapelekwa kwa mkwe.

Alipika chakula cha mchana akakiunguza.

*

Jumamosi Bethwel alifika saa tatu asubuhi na gari la kukodi, Probox, viti vya nyuma vimelazwa ili godoro litoshe. Hakunywa chai. Ooko alifika kwa boda dakika chache baadaye kuing'oa betri airudishe dukani, na Bethwel akamsimamisha katikati ya uwanja. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kando ya ukuta, blanketi magotini, anatazama upande wa zizi.

"Wewe ni fundi ama ni broker?" Bethwel alianza.

"Boss, niliangalia hiyo betri Jumatano..."

"Uliangalia ukaona nini? Baba yangu anatolewa kwake kwa sababu yako. Unajua anaenda kulala wapi? Unajua hiyo ni aibu gani kwetu? Na nikitoka hapa napita kwa chifu. Bahati hii hutafunga hata balbu."

Ooko alikuwa ameishika kofia kifuani. Chelangat alikuwa mlangoni na birika la chai ambalo hakuna aliyelitaka. Usiku kucha alikuwa ametafuta maneno ya kumwambia mzee na hakuyapata. Yaliyomtoka yalikuwa mengine kabisa.

"Mwache. Ni mimi huzima."

Bethwel aligeuka. "Huzima nini?"

"Swichi ya paneli. Mchana. Nilisikia inapiga kelele, nikafikiri inapata moto, nikawa naipumzisha."

"Hiyo swichi iko chumbani kwa Baba," Bethwel alisema polepole.

"Najua."

"Unaingia chumbani kwa Baba?"

Hapo ndipo Chelangat alipoona uongo wake ulikompeleka. Alikuwa ametoka kwenye moto akaangukia kwenye makaa. Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Hata Ooko, ambaye kwao pia mkwe ni mkwe, aliinamisha macho akatazama viatu vyake.

"Huyu hajawahi kuingia huko."

Mzee Kipyegon alikuwa ameongea. Alinyamaza avute pumzi, kwa sababu kila sentensi ilimgharimu.

"Mimi ndiye huizima. Naipumzisha jua likiwa kali. Kwani kuna nini?"

Aliuliza kwa dhati. Aliwatazama mmoja mmoja akisubiri aambiwe kuna nini, na hakuna hata mmoja wa damu yake aliyeweza. Ooko ndiye aliyechuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mzee, hiyo si injini. Ile kelele ni feni, inajipoza yenyewe. Saa tano mpaka saa kumi ndiyo saa yake ya kula. Ukiizima, umeiondoa mezani kabla ishibe."

"Na lile joto?"

"Ni la kawaida."

"Sasa hupumzika lini?"

"Haipumziki, Mzee."

Mzee Kipyegon alimtazama kama aliyeambiwa kuna ng'ombe asiyelala. "Kitu isiyopumzika," alisema, "itaishi aje?"

Alitazama mikono yake, upande mmoja, kisha wa pili.

"Kwa hivyo zile usiku zote ilizima..."

"Ndiyo, Mzee."

Kisha akavua kofia yake ya sufu, akabaki na kichwa cheupe wazi mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. "Nimekuchafulia jina. Nisamehe."

"Ni mimi nilimchafulia, Baba," Chelangat alisema, na machozi yakamtoka bila simile. "Ooko, naenda kwa Wachuka leo. Nitasema kwa mdomo wangu."

"Sawa, Mama Kigen." Ooko alisita. "Lakini uende mapema. Nasikia ameshaita fundi mwingine."

Bethwel alikuwa amechanganyikiwa, hasira yake haina pa kukaa. Alisema basi ni rahisi, swichi ihamishwe nje na iwekwe kufuli. Ooko akasema anaweza, ni kazi ya saa moja.

"Mnifungie," Mzee alisema. "Kama mtoto na kisu."

"Baba, ama hiyo ama Section 58! Si umeambiwa usiguze? Utaacha?"

"Sitaacha." Alilisema bila ukaidi, kama anayetaja umri wake. "Ile kelele ikianza, huu mkono utaenda wenyewe. Umezoea. Na huyu mama yenu hawezi kunizuia. Nikizima, ananiambia asante."

Mama mkwe akatazama pembeni.

Mzee aligeuza kichwa mpaka macho yake yakamfikia Chelangat. Kwa miaka kumi na sita walikuwa wakizungumza kila mmoja akitazama kitu kingine: kikombe, kuku, mlango.

"Wewe umesema uongo mbele ya bwana yako ili nisiaibike. Wewe hutaniogopa. Saa tano utaingia. Nikinyoosha mkono, uushike."

"Baba, siwezi..."

"Mimi pia siwezi," Mzee alisema. "Lakini kwa mkwe siendi."

*

Probox ilikuwa bado uwanjani, viti vimelazwa, kwa sababu Bethwel alisema atangoja aone. Ooko alikuwa amekaa juu ya kisanduku chake akinywa chai hatimaye. Saa tano kasoro kidogo Chelangat alinawa mikono mara mbili, akafunga leso kichwani upya, akasimama kizingitini.

Mama mkwe alikuwa amemwekea kigoda kando ya ukuta. Chelangat alivuka. Chumba kilinukia dawa ya kuchua na blanketi la zamani, na hakujua macho ayaweke wapi: kitandani hapafai, kwenye suruali iliyotundikwa hapafai. Akayaweka kwenye betri. Taa mbili, ya tatu inapepesa. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akitazama sakafu.

Feni ilianza. Kwanza ilikuwa sauti ndogo, kisha ikapanda. Ndani ya chumba ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuisikia kupitia ukutani, na joto lilianza kutoka kwenye kile chuma mpaka akalihisi shavuni. Jasho lilimtoka Mzee kwenye paji. Feni ikazidi. Chelangat mwenyewe alianza kuingiwa na wasiwasi. Kitu kinacholia hivi, kweli hakiumii? Ooko alisema ni kawaida. Lakini Ooko alisema pia kwamba yeye, Chelangat, alichanganya siku.

Mkono wa kulia wa Mzee uliondoka gotini. Uliondoka wenyewe, kama alivyosema, na ukapanda kuelekea ukutani huku mwenye mkono akiwa bado anatazama sakafu. Chelangat aliuona ukipita mbele yake. Mwili wake wote ulikataa. Vidole vilipobaki shubiri moja kufikia swichi, aliudaka kwa mikono yote miwili.

Ulikuwa mkavu, mzito, wenye nguvu ambazo hakuzitarajia. Ulivuta. Naye akavuta. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Inaungua," Mzee alisema.

"Haiungui, Baba."

"Umejuaje?"

"Sijui," Chelangat alisema, na hakuuachilia.